Phoenix, Kompyuta na Vilima vya Geita Vilivyopotea

Kama hujawahi kukaa Shinyanga, msomaji wangu, hutaelewa maana ya baiskeli. Dar baiskeli ni ya muuza maji au ya mtu wa mazoezi. Shinyanga ndiyo daladala: unakaa nyuma kwenye keria yenye kimto, unalipa nauli, unafika. Na mji wenyewe umelala kama meza.

Binamu yangu anaendesha hiyo daladala. Akaniambia anataka kuhamia Geita akabebe mizigo ya wachimbaji wadogo, maana huko hela inazunguka. Tatizo baiskeli yake Phoenix haina gia, na kila anayetoka huko ana stori yake ya milima.

"Kaka, wewe si una ile kompyuta ya baiskeli? Nenda uniletee milima kwa namba."

Mwenyewe hawezi kwenda. Akikosa siku moja barabarani, nyumbani hawali. Akaniazimia Phoenix ya jirani, akanifungia kilo 30 za mchele nyuma. Nikajiona mhandisi!

Kuwasha tu, kompyuta ikasema Shinyanga iko mita 15 juu ya bahari. Mie huyo! Nilikuwa nimeiandikia Dar kuwa ndiyo nyumbani, na kila inapoamka inaanzia hapo. Tena ilidhani tairi ni inchi 26, wakati Phoenix ni 28. Kosa hilo linakuibia kama kilomita 7 katika kila 100. Nikapiga chaki kwenye tairi, nikasukuma mzunguko mmoja, nikapima kwa futi kamba: sentimita 223. La mwinuko nikaliacha, sikuwa na pa kuuthibitishia.

Basi nikakata Maganzo, jirani na almasi za Mwadui, siku ya pili nikaingia Misungwi saa nne asubuhi miguu ikiwa imekufa. Nikaegemeza baiskeli kwenye mwembe, nikalala. Kuamka saa kumi jioni, mwembe umepanda karibu mita 30!

Usicheke. Mashine hii haipimi mlima, inapima uzito wa hewa. Ukipanda, hewa inapungua, yenyewe inakisia mita. Lakini huku kwetu karibu na Ikweta hewa ina kawaida yake: inakuwa nzito mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na nyepesi mnamo saa kumi, jioni na alfajiri. Ni kila siku, mvua isiwepo wala nini. Ikipungua milibari moja tu, kwa mwinuko wa kanda hii mashine inahesabu karibu mita 10. Kwa hiyo usiweke mwinuko asubuhi ukauamini hadi jioni. Rekebisha kila unapokuta mahali panapojulikana.

Na kanda ile mahali penyewe ni Ziwa Victoria, takribani mita 1,134 juu ya bahari. Pale Kigongo, kabla ya kuvuka daraja la Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, niliteremka hadi ukingoni mwa maji, nikaandika 1,134. Jamaa wa samaki wakanitazama kama mganga.

Nikalala Sengerema. Saa kumi na mbili asubuhi nikaanza safari ya Geita, na hapo ndipo stori za watu zilipogeuka kweli. Kushuka, raha mustarehe. Kupanda, na Phoenix na mchele, wee acha tu! Nilishuka nikasukuma, nikapanda, nikashuka tena.

Nimefika Geita hoi, nikasoma jumla ya kupanda. Kidogo mno! Nikamtumia binamu ujumbe. Akajibu kwa furaha kwamba kesho anauza mbuzi wawili apate nauli na kodi ya chumba.

Usiku usingizi ukagoma. Nilikuwa njiani tangu alfajiri hadi alasiri, mbona mashine inasema saa tatu tu? Nikafungua mchoro wa safari. Kila penye mlima, mstari umekatika. Kumbe iliwashwa ile ya kujisimamisha yenyewe: ukienda polepole sana inadhani umepumzika, inaacha kurekodi. Mimi nikisukuma mchele, yenyewe imelala. Vilima alivyovitaka binamu ndivyo hasa vilivyofutwa.

Nikampigia saa tano usiku. "Binamu, mbuzi usiuze!"

Kesho yake nikapakia Phoenix kwenye basi kurudi Sengerema. Nikazima ile ya kujisimamisha, nikaweka irekodi kila sekunde hata kama betri inaisha haraka, nikarudia njia yote. Hesabu ya kwanza haikufika hata nusu ya hii ya pili.

Nikamsomea kwenye simu. Akanyamaza kidogo.

"Achana na mita, kaka. Umeshuka kusukuma mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na mzigo kilo 30?"

"Thelathini."

"Wachimbaji wanabebesha 80," akasema. Kisha akauliza baiskeli yenye gia Geita inauzwaje.