Ziwa Ngozi Lilinikomesha Ubishi

Msomaji, tuliposhuka kwenye gari la Tukuyu kutoka Mbeya, mzee mwenyeji aliziangalia moka zangu. "Mwanangu, huko juu kuna utelezi." Mtoto wa mjini nikacheka.

Wee acha tu! Msituni, kwenye mianzi ya Uporoto, nilianguka mara nne mbele ya mchumba wangu. Kufika ukingoni, ukungu mtupu. Nikasema turudi. Mzee akaketi: "Subiri."

Nusu saa baadaye ukungu ukapasuka. Chini kabisa, ndani ya shimo la volkano, ziwa la kijani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari! Nikanywea.

Mchumba wangu, ambaye kila siku huniambia "subiri", akanitazama tu. Nikashuka peku, moka mkononi, nimeshikilia fimbo ya mzee.