Nesi na Kamera, Sehemu ya 6: Lenzi ya gramu 160

Tangu Jumapili inboksi yangu ina swali moja tu: "Sista, ninunue lenzi gani, hela ni kidogo na mtoto hatulii?" Leo najibu. Ila vumilieni kidogo, naanzia mbali.

Binti yangu wa kwanza alipozaliwa, mama yangu alitoka Muheza kuja kunilea uzazi. Alikaa mpaka arobaini. (Habari ya kukandwa na maji ya moto tulibishana sana mama na mimi, kila mtu akabaki na msimamo wake, tusirudi huko.) Jioni ya mwisho kabla hajasafiri alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto kifuani, anambembeleza huku anaimba pole pole. Dirisha tumefunga kwa sababu ya mbu, taa ni moja tu ya darini. Nikachukua kamera yangu, Canon 600D ya mkononi kwa mtu, ikiwa na lenzi yake iliyokuja nayo, ile ya milimita 18 mpaka 55.

Nikapiga ya kwanza bila flashi. Mama katoka kama moshi. Kanga unaiona, kitanda unakiona, sura hakuna. Nikawasha flashi nikapiga ya pili: miwani ya mama imekuwa meupe matupu, mtoto kashtuka, mdomo wazi, analia. Mama akacheka akasema, "Basi mwanangu, utanipiga nyingine nikirudi."

Hakurudi. Miezi minane baadaye tukamzika. Picha za mama akiwa na mjukuu wake ni hizo mbili tu.

Nilijilaumu sana. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku siku ile, nikawa najiambia mikono yangu ndo ilitetemeka. Kumbe wala. Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hela yenu ilipo.

Tukipokea mgonjwa aliyeumia kichwa tunammulika macho na kitochi tuone mboni. Mwanga ukiingia mboni inasinyaa, ukiondoka inatanuka. Lenzi nayo ina mboni yake, tundu linalofunguka na kufunga ndani. Ukubwa wa tundu hilo unaandikwa kwa namba ya f, na namba inakwenda kinyume: ndogo ina maana tundu kubwa. Lenzi yangu ile nikiivuta mpaka mwisho haifunguki zaidi ya f/5.6. Yaani ni jicho ambalo hata gizani mboni yake haitanuki. Kamera ikikosa mwanga inafanya nini? Inaacha pazia lake wazi muda mrefu ili ikusanye. Picha ile ya mama ilipigwa kwa sehemu moja ya nane ya sekunde. Kwako ni kufumba na kufumbua, lakini bibi anayembembeleza mtoto ameshasogea huku na huku. Lenzi yenyewe ina kituliza mtikisiko, nayo ilifanya kazi yake, ndo maana kitanda kimetulia. Kinatuliza mikono ya mpigaji. Mtu aliye mbele yako hakimtulizi.

Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga kama mara kumi ya ile ya f/5.6. Mara kumi jamani! Sehemu moja ya nane ya sekunde ingekuwa sehemu moja ya themanini, chumba kilekile, taa ileile, bila flashi. Sura ya mama ningekuwa nayo.

Basi lenzi ninayowaambia ni zile wapiga picha wanaziita praimu. Haivuti wala hairudishi. Ukitaka karibu, tembea. Ukitaka mbali, rudi nyuma. Kwa kuwa haina mambo mengi ndani, inakuwa nyepesi, tundu linakuwa kubwa na bei inashuka. Mfano ni Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015 kwa bei ya kama dola 125. Nimeiweka kwenye mzani wangu wa jikoni: gramu 160. Simu nyingi za siku hizi zinazidi hapo. Halafu kuna lenzi kubwa za waliobobea, ile Canon 24-70 f/2.8 ya pili ina gramu 805. Mimi nimeshika watoto njiti waliozaliwa na uzito huo. Wewe una mtoto mgongoni, pochi ya nepi, chupa ya uji na nauli mkononi. Kitu kizito utakiacha nyumbani, na kamera iliyobaki nyumbani haikusaidii chochote.

Baba watoto aliponiona nahesabu hela ya mchezo aliuliza, "Si tuna simu?" Swali zuri, na sitawadanganya. Simu yako ikiwa nzuri na mnapiga nje mchana, usinunue kitu. Lipa ada. Hata usiku simu za sasa zinajitahidi, lakini nyingi zinapiga picha kadhaa mfululizo kisha zinaziunganisha, na mtoto wa mwaka mmoja hasubiri kuunganishwa. Kama tayari una kamera ya kubadilisha lenzi imelala kabatini, hapo ndipo lenzi hii ndogo inakuwa na maana. Kununua kamera mpya kwa sababu ya post yangu, hapana, msinitie lawamani.

Sasa kosa langu la pili. Nilinunua hiyo 50 mbio mbio kwa sababu ndiyo ya bei rahisi kila mtu anayoisifia. Nikaipata ya mkononi Kariakoo kwa laki moja na themanini, nikafika nyumbani nimefurahi, nikamwelekezea mtoto. Naona pua na jicho. Nikarudi nyuma, nikagonga kabati. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi, toa kitanda, toa kabati, kumebaki mita mbili. Kamera kama yangu ina sensa ndogo, kwa hiyo lenzi yoyote inaona eneo finyu zaidi. Kwa mita mbili, 50 inaona upana wa sentimita 90 hivi. Inatosha sura ya mtoto na mikono ya mama yake, basi. Familia nzima sahau. Lenzi ya 35 kwa mita zilezile inaona kama mita 1.3, na ya 24 karibu mita 1.9.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio hili ambalo mimi nililifanya nimechelewa. Chukua lenzi uliyonayo, izungushe mpaka 50, ibane na plasta isisogee. (Plasta nilinunua duka la dawa kwa hela yangu, msije mkaniandikia barua kazini.) Piga nayo wiki nzima: jikoni, kitandani, barazani, kwa jirani. Wiki inayofuata ihamishie kwenye 35, inayofuata 24. Mwili wako wenyewe utakwambia. Ukijikuta kila saa unagonga ukuta, 50 si yako.

Wenye Canon za sensa ndogo wana ile EF-S 24mm f/2.8 STM, gramu 125, nyembamba kama kifuniko cha chupa ya asali. Tundu lake si kubwa kama la 1.8, ila bado inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6, na inakaribia kitu mpaka sentimita 16, vidole vya kichanga unavipata vizuri. Wenye Nikon za sensa ndogo, AF-S DX 35mm f/1.8G ya tangu 2009, gramu 200, mimi naiona ndiyo bora kuliko zote kwa vyumba vyetu. Ningekuwa na Nikon nisingehangaika na mengine.

Lakini Nikon ina mtego. Nesi mwenzangu ana D3200. Aliuziwa 50mm f/1.8D, lenzi nzuri tu, ndogo, bei poa. Akafika nyumbani, haishiki fokasi yenyewe. Akarudi dukani, muuzaji akasema, "Dada, lenzi nzima, kamera yako ndo mbovu." Kamera haikuwa mbovu. Lenzi za aina ile ya D hazina mota ndani, zinategemea mota ya kwenye kamera, na kamera ndogo za Nikon kama D3200 hazina. Mwenye Nikon ndogo atafute herufi AF-S kwenye lenzi. Mwenzangu sasa anazungusha kwa mkono, na mwanawe ana miaka miwili na mbio. Picha anazopata mnaweza kuzihisi.

Kununua ya mkononi si vibaya, yangu ni ya mkononi. Ila nenda na kamera yako, iweke palepale, piga vitu vya karibu na mbali, sikiliza kama inashika. Kisha itoe, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja ukichungulia upande wa pili. Vumbi kidogo lisikuogopeshe. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, irudishe mezani useme asante. Sisi wa pwani tunaijua kuvu, hata viatu inakula. Ukishanunua usiifungie kabatini miezi mitatu kwenye pochi yake. Itumie, ipate hewa.

Siku za kwanza utakasirika, nakwambia mapema. Kwa f/1.8 ukiwa mita moja kutoka kwa mtoto, sehemu inayotoka safi ina kina cha sentimita tatu hivi. Pua itakuwa kali na macho ukungu, utasema umeibiwa. Hujaibiwa. Weka ile nukta ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Watoto wakiwa wawili, punguza tundu mpaka f/2.8 na uwapange umbali sawa. Mtoto anayecheza, usishuke chini ya sehemu moja ya 125 ya sekunde, anayekimbia, 250. ISO ipandishe mpaka 1600 bila huruma. Picha yenye chengachenga za mwanga mdogo naipenda mara mia kuliko ya moshi. Na sogeza mtoto karibu na mlango au dirisha, mwanga wa mlangoni saa kumi na moja jioni hauuzwi dukani.

Kuhusu flashi, naulizwa sana kama inapofusha kichanga. Flashi ya kawaida ya kamera haipofushi, ila inamshtua, na wodini kwetu haturuhusu, pamoja na kupiga picha za watoto wa wenzenu bila ruhusa, mnanielewa. Lakini kuna jambo moja naomba msilisome harakaharaka. Kama mna picha za flashi za zamani, zitazameni macho ya mtoto. Mboni ikitoka nyekundu ni kawaida. Ikitoka nyeupe, hasa jicho moja na kwenye picha zaidi ya moja, mpelekeni hospitali wiki hii hii mkaonwe na mtaalamu wa macho. Wakati mwingine ni mkao tu wa picha. Wakati mwingine ni mtoto wa jicho, na wakati mwingine ni saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo ikiwahiwa mtoto anapona. Msingoje kuuliza kwangu inboksi, nendeni.

Mdogo wake binti yangu alipozaliwa, baba yangu ndiye aliyekuja kutoka Muheza. Alikaa siku tatu tu, anasema mjini hakulaliki. Siku ya pili jioni umeme ukakatika, akatoa kiti akakaa mlangoni na mjukuu wake mkononi, redio begani. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikachuchumaa, 50 yangu hiyohiyo ya kulazimisha, f/2, sehemu moja ya 125, ISO 1600. Nikapiga tatu. Hakujua mpaka nilipomwonyesha. Akaitazama muda mrefu, akauliza, "Na ya mama yako iko wapi?"

Nikamwonyesha ile ya moshi. Hakusema kitu. Asubuhi akaniambia nizichape zote mbili, hata ile. Nikazichapa kabla hajapanda basi, akaziweka pamoja kwenye mfuko wa shati.

Haya, naingia zamu. Wenye plasta waanze leo na 50, Jumapili mniambie mmegonga nini. Maswali wekeni hapo chini na mtaje jina la kamera yenu kamili, si "kamera nyeusi ya Canon", nitajibu nikitoka asubuhi. Sehemu ya 7 tutaongelea wapi pa kuchapa bila kukatwa vichwa.