Kikombe cha maziwa na neno « karuho »

Kwetu Bushi, ng'ombe si nyama na maziwa tu. Ng'ombe ni mahari, ni urafiki, ni njia ya kumaliza ugomvi kati ya jamaa mbili. Hata hivyo, wazee wetu wenye ng'ombe walipenda kula mashanza kuliko kunywa maziwa mabichi. Kwa nini? Jibu lilitufikia kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kulimuumiza shangazi yetu.

Mwaka wa 1989, tukiwa bado kwenye shule ya msingi, tulipelekwa kwake huko Kabare kwa vakansi kubwa. Ng'ombe wake alikuwa amezaa si zamani. Siku ya kurudi Bukavu, shangazi alitukamulia, akatujazia kikombe kikubwa, tukamaliza chote. Hatukufika mbali. Tumbo lilianza kunguruma, likajaa hewa, kisha likafunguka. Usiku majirani wakakusanyika mlangoni.

— Mutoto alikula kwa nani?

— Kwa shangazi yake.

— Basi njo kule. Ni karuho.

Kwetu hakuna haja ya kueleza uzito wa neno hilo. Tulipelekwa kwa mganga, tukanyweshwa dawa ya kutapisha. Kesho yake tulikuwa wazima, na dawa ikapata sifa. Toka siku ile hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyekula tena kwa shangazi. Kwenye matanga, sahani yake ilikuwa inarudi ikiwa imejaa. Hakuna aliyemwambia neno usoni, lakini yeye alielewa.

Tulipokuwa tunasomea biolojia kwenye chuo cha ualimu, somo moja lilitutoa jasho. Ndani ya maziwa kuna sukari inayoitwa laktozi. Ili mwili uitumie, utumbo mdogo unapashwa kuikata vipande viwili kwa kimeng'enya kinachoitwa laktazi. Karibu kila mtoto mchanga anacho, bila hicho asingeishi kwa ziwa la mama. Lakini kwa watu wengi, jeni inayoagiza kimeng'enya hicho inapunguza kazi yake baada ya mtoto kuacha kunyonya. Mtu mzima akinywa maziwa mengi mabichi, sukari inapita nzima mpaka utumbo mkubwa. Inavuta maji, na vijidudu vya kule vinaichachisha na kutoa hewa. Njo ule mngurumo, njo kule kuharisha. Inaanza ndani ya nusu saa mpaka saa mbili hivi, kisha inaisha yenyewe. Basi si mganga aliyetuponyesha.

Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo. Wanaoendelea kunywa bila shida wamerithi badiliko dogo karibu na jeni hiyo. Mwaka wa 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza kwamba wafugaji wa Tanzania na Kenya wana badiliko lao, tofauti na lile la watu wa Ulaya, na kwamba lilienea ndani ya miaka elfu chache tu. Maana yake, mazoea ya kunywa maziwa yaliwasaidia wenye badiliko hilo kulea watoto wengi zaidi. Jeni inaamua chakula kitukubali ao kitukatae, lakini chakula nacho, kwa vizazi vingi, kinachagua jeni.

Na siye Washi? Watafiti wawili, Cox na Elliott, walitangaza mwaka wa 1974 uchunguzi waliofanya huko Rwanda na Bushi. Washi wazima wengi waliopimwa hawakuweza laktozi. Watu wa ng'ombe, lakini matumbo hayataki maziwa mabichi! Hapo ndipo tulielewa mashanza. Maziwa yakiachwa kuganda, vijidudu vinakula sehemu ya laktozi. Yale maji yakichujwa, sehemu nyingine inaenda nayo. Kinachobaki ni chakula chenye nguvu ambacho tumbo linakipokea. Kazi ambayo jeni haikuifanya, mikono ya bamama zetu iliifanya, bila maabara.

Hatusemi kwamba sumu haiko duniani. Mtu mwenye homa, damu kwenye choo, ao anayekonda, aende hospitali mbio. Na mtoto mchanga asinyimwe ziwa la mama kwa sababu ya maandishi haya. Tunasema tu: kabla ya kutaja jina la mtu, tuulize kwanza mgonjwa alikunywa nini, na kiasi gani.

Mwaka wa 2005, tukiwa na diploma mkononi, tulipanda Kabare kuomba msamaha. Shangazi alikuwa amezeeka. Alisikiliza mambo ya jeni mpaka mwisho, kisha akasema polepole:

— Ile siku mashanza haikukuwa tayari. Miye nilitaka tu musirudie na tumbo wazi.

Miaka 16 alikuwa amelibeba neno hilo, na hakuna aliyemuuliza. Alileta mashanza na bugali. Tulikula mbele ya mlango, majirani wakiona, tukamaliza sahani.