Kilo za Nini?

Kwetu Ujiji mtu akijaa mashavu anapongezwa: "Umenawiri bwana!" Mjomba wangu amepongezwa hivyo mara nyingi tangu figo zake zifeli. Wanachuo wenzangu, hiyo pongezi inatisha, maana shavu linaweza kujaa maji.

Mjomba alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Sasa anakaa na wanawe Dodoma, na mara tatu kwa wiki anasafishwa damu kwa mashine, kila mara muda wa saa nne hivi. Jumamosi zamu ya kumsindikiza ni yangu. Anapanda mzani kabla na baada. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo namba zinaonyesha maji yaliyotoka. Lengo ni afikie "uzito mkavu", yaani uzito wake bila maji ya ziada. Maji yakizidi, presha inapanda, moyo unachoka, mapafu yanajaa. Yakitolewa kupita kiasi, presha inashuka na misuli inakaza.

Shida ni kwamba mzani hautofautishi maji na nyama. Chukua mgonjwa wa kilo 64. Hamu ya kula inapotea, anapungua kilo 3 za nyama, huku mwili ukibakiza lita 3 za maji. Mzani utasema 64 ileile na nyumbani mtafurahi eti hajapungua. Kumbe uzito mkavu wake ni 61!

Ndiyo maana kuna vifaa vya kupima mwili umebeba nini. Mgonjwa analala, anawekewa vibandiko mkononi na mguuni, kisha umeme mdogo sana asiousikia unapitishwa. Maji yanapitisha umeme vizuri, mafuta yanauzuia, na kifaa kinakadiria maji, mafuta na misuli. Pasipo na kifaa hicho, futikamba ya kuzungushia mkono wa juu inasaidia, ikipimwa mwezi hadi mwezi.

Kwa mjomba, mkono ndio ulisema. Namba yake haikubadilika, ila mkono uliovuta nyavu miaka yote ukashindwa kufungua chupa ya maji. Tulimwambia nesi. Daktari akampima upya, akashusha uzito mkavu kidogokidogo. Mtaalamu wa lishe akamwongezea protini, maana mashine nayo inaondoka na sehemu yake. Mgebuka wabichi ruksa. Dagaa wa chumvi hapana, kwa sababu chumvi inaleta kiu, na kiu inaleta maji.

Kama una mgonjwa wa figo nyumbani, mwangalie alama za soksi miguuni, shati linavyopwaya mabegani, nguvu za kiganja akikusalimia. Yaandike, umpelekee nesi. Na ukiambiwa kilo hazijabadilika, uliza: kilo za nini?