Kibera, mtaa ambao shamba husimama wima

UKITAJA jina la Kibera mbele ya mkazi wa Nairobi asiyewahi kufika huko, mara moja atakutajia matope, mabati yenye kutu na siasa. Ni nadra umpate atakayekutajia sukuma wiki. Lakini, msomaji, mtaa huu una mashamba. Hatuyaoni kwa sababu tumezoea kutafuta shamba lililolala chini, na ya Kibera yamesimama wima, ndani ya magunia.

Basi fuatana nami Jumapili hii tukayaone. Safari yenyewe si ndefu. Kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita tano tu, upande wa kusini-magharibi, na matatu za nambari 8 zitakufikisha. Teremka karibu na soko la Toi, pita kwenye vibanda vya mitumba, kisha uteremke kuelekea Makina, Lindi na Laini Saba. Vaa viatu vya kufunga, hasa msimu wa mvua. Wasalimie wenyeji unaowapita, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Watu wa hapa wamechoka kutazamwa kama wanyama wa mbugani.

Kadiri unavyoteremka, ndivyo vichochoro vinavyozidi kuwa vyembamba. Huku mama anakaanga mandazi, kule fundi anashona viatu, na redio tatu zinaimba nyimbo tatu kwa mpigo. Ghafla utatokea kwenye reli. Hii ni ile reli ya zamani iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Simama kando ya tuta (mbali na njia ya gari moshi, tafadhali) kisha utazame milangoni mwa nyumba. Karibu na mlango huu utaona gunia lililoota majani pande zote kama kondoo aliyejaa manyoya. Mlango wa tatu, magunia mawili. Pale penye kona, manne yamepangwa kwenye mstari, na juu yake kuna wavu mkuukuu wa kuzuia kuku. Umefika shambani.

ARDHI ILIVYOPUNGUA

Pengine utauliza, kwa nini mtu apande mboga katika gunia? Jibu limo katika historia ya mahali penyewe.

Jina la Kibera limetokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Wanubi waliokuwa askari katika jeshi la wakoloni, King's African Rifles, walianza kukaa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita. Wakati huo palikuwa na vichaka, malisho na mashamba ya mahindi. Ardhi iliyotengewa askari hao ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Jiji likakua, mitaa ya kifahari ikajengwa, na kila mwaka kipande kikamegwa. Serikali ilipowapa Wanubi hatimiliki mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Hao ni Wanubi, ambao angalau wana hati. Wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji. Chumba si chao, ukuta si wao, na uwanja mbele ya mlango wenyewe haufiki hatua mbili. Mwambie mtu wa namna hiyo alime, naye atakuuliza: nilime wapi, juu ya paa?

Hapo ndipo gunia lilipojibu. Mpangaji hawezi kumiliki ardhi, lakini anaweza kumiliki udongo.

GUNIA HUTENGENEZWAJE

Wanafunzi, hapa tegeni masikio, maana jambo hili mnaweza kulifanya hata kwenye roshani ya ghorofa kule Umoja au Kayole.

Tafuta gunia imara. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia, kisha uujaze kokoto. Jaza udongo kuuzunguka mkebe. Udongo ukifika ukingoni, vuta mkebe juu taratibu ukiziacha kokoto pale pale, ujaze tena kokoto na udongo, mpaka gunia lisimame lenyewe. Ukimaliza utakuwa na nguzo ya mawe iliyojificha katikati ya gunia, kutoka chini hadi juu.

Nguzo hiyo ndiyo siri ya kazi nzima. Bila ya kokoto, maji hulowesha udongo wa juu tu, na miche ya chini hufa kwa kiu. Zikiwepo, maji huteremka katikati na kusambaa kila upande. Sasa toboa matundu ubavuni, kila moja mbali kidogo na jirani yake, upenyeze miche. Juu kabisa panda vitunguu au dhania. Gunia moja linaweza kubeba miche 20 hadi 40 mahali ambapo ardhini pangeenea mitatu au minne.

Sukuma wiki na spinachi ndizo hupendwa zaidi kwa sababu huchumwa jani kwa jani. Anza na majani ya chini, uache kilele kiendelee kukua. Baada ya wiki nne hadi sita tangu kuhamisha miche utaanza kuchuma, na ukitunza vyema utachuma kwa miezi. Wengine hupanda managu, terere, saga na kunde, mboga ambazo zamani vijana wa mjini walizidharau na leo wanazinunua kwa bei ghali.

KAZI YA KIKUNDI

Lakini usidanganyike kwamba gunia pekee linatosha. Hebu fikiri. Mboga imesimama nje ya mlango, kichochoroni, ambako mamia ya watu hupita kila siku, na baadhi yao hawajala tangu jana. Ni kitu gani kinachozuia mkono wa mpita njia? Hakuna ua, hakuna kufuli, hakuna mbwa. Kinachozuia ni jicho la jirani.

Ndiyo sababu bustani hizi hufanikiwa zaidi pale penye kikundi. Kwa kawaida kikundi huanza kama chama kingine chochote cha akina mama: watu wa ploti moja au mbili zinazopakana, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari. Wanachama huchanga pesa kidogo kidogo ili wanunue udongo wa mkokoteni mzima, maana ukinunua peke yako kwa debe utalipa zaidi. Samadi hutoka kwa wafugaji wa mbuzi na kuku wa mtaani. Kitalu cha miche huwa kimoja, chini ya uangalizi wa mwanachama mwenye mkono mwepesi. Zamu ya kumwagilia hupangwa, ili anayekwenda kufua nguo mitaa ya mbali au anayesafiri mashambani kwa mazishi asirudi akute majani yamekauka.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Hapa hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mifereji ikikauka bei hupanda siku hiyo hiyo. Kwa hiyo hakuna tone linalotupwa. Maji yaliyooshea mchele huenda kwenye gunia. Yaliyosuuzia mboga, vivyo hivyo. Ya sabuni nyingi humwagwa kwingine.

Tena kuna jambo la ukarimu. Katika vikundi vingi, mtoto wa jirani akitumwa kuomba majani mawili ya kuongezea mchuzi, hanyimwi. Mtu anayepewa haibi, na anayetarajia kupewa kesho hulinda leo. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga.

MWAKA WA MAJIVU

Umuhimu wa jicho la jirani Kibera ulijulikana kwa njia chungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipozuka, mtaa huu uliwaka. Soko la Toi liliteketezwa. Reli ile tuliyosimama kando yake iling'olewa. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi wakaanza kuogopana kwa sababu ya makabila yao, na aliyekuwa na pesa hakupata pa kununulia chakula.

Mwaka huo huo wa 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwapa wakazi miche na mafunzo ya kilimo cha magunia. Kundi moja la vijana nalo likazoa rundo la takataka na kugeuza mahali pale kuwa shamba la mboga. Watafiti waliokuja baadaye kuchunguza kilimo cha magunia, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 2013, walieleza kwamba pamoja na mboga, magunia yalikuza ushirikiano baina ya majirani. Si ajabu. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekumwagilia sukuma wiki ulipokuwa umelazwa hospitalini.

SHERIA NA SUMU

Kwa miaka mingi kulima jijini kulikuwa kama wizi. Askari wa jiji waliweza kufyeka mahindi ya mtu huku akitazama. Mambo yalibadilika kidogo mwaka 2015, Kaunti ya Nairobi ilipopitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kabla ya hapo, Katiba ya 2010 ilikuwa imetamka katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Na korona ilipofunga kazi za watu mwaka 2020, Wizara ya Kilimo yenyewe ilihimiza kila familia iwe na bustani ya jikoni. Wakazi wa Kibera walikuwa wamelijua somo hilo kwa zaidi ya miaka kumi.

Hata hivyo, si kila jani la kijani ni salama. Mboga inayomwagiliwa kwa maji ya mtaro hubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo, na udongo uliochotwa jalalani au karibu na gereji unaweza kuwa na risasi na madini mengine yenye sumu, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Gunia lina faida hapa: mkulima huchagua udongo wake. Kwa hiyo uliza udongo unatoka wapi kabla ya kulipa. Osha mboga kwa maji safi, hata kama umeipanda mwenyewe. Vidukari wakivamia, nyunyiza majivu au maji ya pilipili kabla ya kukimbilia dawa ya dukani, kwani gunia liko hatua mbili tu kutoka kitanda cha mtoto.

GUNIA LIKIHAMA

Mnamo Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba na shule zilibomolewa, na maelfu ya watu wakatafuta pa kulala. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya masika, wakazi wa kandokando ya mito ya Nairobi nao waliamriwa kuhama, na katika mitaa kama Mathare na Mukuru nyumba zikaangushwa. Mpangaji wa jiji hili hulala akijua kwamba asubuhi anaweza kuamshwa na ngurumo ya mtambo.

Watu husifu gunia kwa kusema ni shamba linalohamishika, na ni kweli. Wanaume wawili wenye nguvu wanaweza kulipakia kwenye mkokoteni, na miche isijue kilichotokea. Shamba la babu huko mashambani haliwezi hilo.

Lakini, msomaji, ukishafika mtaa mpya na gunia lako, utalisimamisha mbele ya mlango ambao majirani zake hawakujui. Nani atalimwagilia ukichelewa kurudi? Nani atamkemea mbuzi? Udongo umekuja nao, kokoto umekuja nazo, ila lile jicho limebaki Kibera, au limetawanyika pamoja na waliotawanywa. Hasara hiyo haiandikwi popote wakati wa kuhesabu fidia. Huhesabiwa mabati na mbao. Hakuna anayehesabu zamu za kumwagilia.

Kwa hiyo ukirudi kwako leo, iwe ni Buruburu, Githurai au Rongai, usianze kwa kutafuta gunia. Anza kwa kugonga mlango wa jirani yako, yule ambaye mmepishana kwenye ngazi mwaka mzima bila ya kujuana majina. Mwambie unataka kupanda sukuma wiki na ungependa mshirikiane. Mkiwa wanne, nunueni udongo pamoja. Mkiwa kumi, tafuteni daftari na mumchague katibu. Wanafunzi waliofunga shule wapewe zamu ya asubuhi. Watajifunza mengi kuliko kukodolea simu macho.

Kisha siku moja nendeni Kibera mkawanunulie akina mama miche. Bei yao ni nafuu, na ushauri hutolewa bure. Mtakapouliza mboga hizo hulindwa namna gani bila ya ua wala kufuli, wataashiria kwa kidevu tu mlango wa pili, ambako jirani ameketi akichambua mchele, jicho moja kwenye ungo na jingine kichochoroni.