Kulipia Mchezo Ambao Haujaundwa

Katika miji yetu ya Njombe na Makambako si jambo geni mtu kupokea fedha kwa ajili ya kitu ambacho bado hakijakuwapo. Mwenye shamba la parachichi hufuatwa na dalali matunda yangali machanga mtini, akahesabiwa fedha mkononi. Mwenye miti ya mbao hupatana na mnunuzi hali miti haijatimia kukatwa. Mwenye kulima viazi huchukua mbolea leo kwa ahadi ya magunia ya kesho. Baadhi ya mapatano hayo sheria yetu yayakubali na baadhi yayakataa, na wazee wetu waliijua tofauti yake. Lakini mwaka huu nimeletewa suala la namna hiyo ambalo sikutazamia kuulizwa, kwa kuwa limetoka kwa vijana, nalo lahusu michezo ya kompyuta.

Khabari yenyewe ni hii. Mtoto wa dada yangu akaa Makambako, si mbali na stesheni ya TAZARA, naye pamoja na wenziwe saba wana kompyuta kuukuu tatu walizozinunua kwa kuchangiana. Kompyuta hizo hazina nguvu ya kuchukua Windows ya siku hizi, kwa hiyo wakazitilia Linux. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa na kijana wa Ufini, Linus Torvalds, mwaka 1991, nao hutolewa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadili na kumpa mwenziwe. Mimi binafsi yanipendeza sana desturi hii ya elimu isiyofungiwa sandukuni. Kasoro yake kwa vijana ni kwamba michezo mingi huundwa kwa ajili ya Windows, na mwenye Linux hubaki kutazama.

Basi miaka mitatu iliyopita waliona kundi moja la watengenezaji wa michezo wa nchi za nje likiomba watu fedha, likiahidi kwamba mchezo ukiisha utakuwa na toleo la Linux. Vijana wakachanga, wakampa jamaa mwenye kadi ya benki, fedha zikaenda. Mchezo ulitoka. Toleo la Linux halikutoka, na barua walizoandika hazikupata jibu.

Ungedhani wamekoma. Mwezi wa Shaabani mpwa wangu alikuja Njombe na wenziwe wawili, akaniamkia, akakaa kimya kidogo kama desturi yake akiwa na haja, kisha akasema: "Mjomba, twataka kuunda mchezo wetu wenyewe wa bao, kwa Kiswahili, uende katika Linux na katika simu. Twataka tuwaombe Waislamu wa Makambako na wa hapa Njombe watuchangie. Je, utatusemea baada ya sala ya Ijumaa?"

Sikumjibu siku ile. Nilitaka kwanza nijue jambo hili lilivyokwenda huko lilikoanzia.

Kampuni iitwayo Kickstarter ilifunguliwa New York mwaka 2009. Mwenye shauri hutangaza anataka kiasi gani na kwa muda gani, na watu huahidi wanachoweza. Kiasi kikitimia, fedha hukabidhiwa mwenye shauri. Kisipotimia, hapana anayetozwa. Mwaka 2012 kampuni ya Double Fine ya California iliomba dola 400,000 kwa ajili ya mchezo, ikapewa zaidi ya milioni 3 na watu zaidi ya 87,000. Na pamoja na wingi huo fedha hazikutosha! Mchezo wao, Broken Age, ulikatwa nusu mbili. Nusu ya kwanza ikauzwa Januari 2014 ili ipatikane fedha ya kumalizia ya pili, ambayo ilitoka Aprili 2015. Hao angalau walimaliza, na wenye Linux walipata haki yao. Obsidian nao, waliopokea karibu dola milioni 4 mwaka huo huo wa 2012, walitoa Pillars of Eternity Machi 2015, na wa Linux wakaupata siku moja na wa Windows.

Wengine mambo yao hayakwenda hivyo. Mwandishi mashuhuri wa hadithi, Neal Stephenson, alichangiwa zaidi ya dola 500,000 mwaka 2012 kwa mchezo wa panga ulioitwa Clang. Septemba 2014 alitangaza kwamba kazi imekwisha na mchezo hapana. Carmageddon: Reincarnation, uliochangiwa mwaka huo huo na Linux ikiwa katika ahadi zake, ulitoka 2015 kwa Windows, na watu wa Linux wangojea mpaka leo. Phoenix Point ulichangiwa mwaka 2017, Linux ikiahidiwa, na kabla mchezo haujatoka Desemba 2019 waundaji walisema kwamba Linux wameiacha.

Kwa nini huwa Linux ndiyo ya kwanza kutupwa? Sababu yake si uadui. Katika hesabu ya Steam, duka kubwa la michezo la kampuni ya Valve, ya mwezi wa Oktoba 2025, wenye Linux walikuwa kama 3 tu katika kila watu 100, na hiyo yenyewe ilihesabiwa kuwa maendeleo. Mtengenezaji aombapo fedha, kila mtu mmoja ana thamani kwake, na kutaja Linux hakumgharimu kitu. Fedha zikipungua na mafundi wakianza kuondoka, huangalia ni mzigo upi akiutua watalalamika wachache. Mwenye basi la Songea likizidiwa mlimani hushusha magunia ya aliyelipa nauli ndogo.

Hata hivyo yapasa nisidhulumu. Mwaka 2015 Ethan Mollick, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alichapisha uchunguzi alioufanya kwa kuwauliza maelfu ya wachangiaji wa Kickstarter, akaona kwamba mashauri yaliyoshindwa kabisa kutoa yaliyoahidi ni kama 9 katika 100. Wako wafanya biashara sokoni kwetu ambao hawawezi kujisifu kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo sikuona kwamba ubaya wa jambo hili ni wingi wa wezi. Ubaya niliuona kwingine.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende kwa mwaka mmoja au miwili, hata mitatu, kabla ya mavuno. Hakuwakataza, bali aliwawekea sharti kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo biashara ya salam. Alikataza pia kuuza matunda yaliyo mtini kabla uzuri wake haujadhihiri, kwa sababu yakipatwa na maafa, muuzaji atakuwa amekula mali ya nduguye pasipo haki. Mtu wa Njombe aliyepata kuamka asubuhi ya Julai akakuta jalidi imebabua shamba lote la viazi hahitaji kuelezwa maana ya katazo hilo.

Sasa mchezo wa kompyuta kipimo chake ni kipi? Mwenye kuomba husema utakuwa na nchi kubwa, na watu wengi, na vita vya kupendeza. Hayo hayapimwi kwa pishi. Tarehe yake ni "mwakani", na wala hasemi inshallah. Wanavyuoni wa Kihanafi wameikubali istisnaa, yaani kumwagiza fundi akutengenezee kitu, nasi katika madhehebu ya Shafi twaiingiza katika masharti ya salam. Lakini kwa wote hao sharti kitu kielezwe hata kisibaki cha kugombaniwa. Kwa hiyo kama ni biashara, ni biashara yenye ghoshi ya kutojulikana.

"Basi si biashara," alisema mpwa wangu nilipomweleza haya. "Ni msaada. Kickstarter wenyewe walitangaza mwaka 2012 kwamba wao si duka."

Kweli walitangaza. Lakini tazama, ndugu msomaji, namna tangazo la mchezo linavyoandikwa: toa dola 20 upate mchezo, toa 50 upate na kitabu cha picha, toa 100 jina lako liandikwe ndani. Hiyo ni lugha ya bei. Wakati wa kuomba, fedha yako huitwa bei ili uitoe upesi. Na wakati wa kushindwa huitwa msaada ili usiidai. Mimi naona khatari yote imekaa hapo. Mtu aliyetoa hajui ametoa nini, na aliyepokea hajui anadaiwa nini, na kila mmoja huchagua jina limfaalo siku ya ugomvi.

Nilidhani nimemshinda. Kijana akanitazama akasema: "Mjomba, wewe si ulichangia bati za madrasa hata kabla msingi haujachimbwa? Na kama watu wote wangengoja jengo liishe ndipo watoe, lingejengwa na nani? Na mchezo wa bao kwa Kiswahili, nani wa London atakayetuundia?"

Sitaficha kwamba maneno hayo yalinikaa moyoni, kwani yana haki ndani yake. Watengenezaji wa Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walikuwa na mashaka kama hayo. Walichangiwa kwa Kickstarter mwaka 2015, na mwaka 2016 ukatoka mchezo wao wa Aurion, ambao hadithi yake ni ya Kiafrika. Bila ya wachangiaji usingalitoka. Na wako jamaa wa mchezo wa vita vya kale uitwao 0 A.D., ambao ni wa bure na waenda vema katika Linux. Mwaka 2013 waliomba dola 160,000, wakapata kama 33,000 tu. Hawakufa kwa hilo, wala hapana aliyewaita wakhiyana, kwa sababu mchezo wao ulikuwa umekwisha anza kuchezwa hata kabla hawajaomba. Mtu alikuwa akitoa kwa kitu akionacho.

Nikamjibu kuhusu bati. Nilipozitoa, hapana aliyeniahidi chumba ndani ya madrasa. Nilitoa sadaka nikijua ni sadaka. Na hata sadaka ina haki yake: wanavyuoni wetu wametaja mfano wa mtu aliyepewa dirhamu anunue kilemba, kwamba kama mtoaji alikusudia hasa kilemba, haimfai mpokeaji kuitumia dirhamu ile katika jambo jingine. Kwa hiyo mwenye kupokea msaada naye si huru kama anavyodhani.

Kulikuwa na jambo jingine lililonizuia, nalo latokana na watu wetu wenyewe. Wazee wetu wengi wakisikia "changia, utapata" huikumbuka DECI, ambayo watu waliziita fedha zao mbegu wakitazamia kuvuna maradufu, mpaka serikali ilipoizuia mwaka 2009 na wengi wakabaki na karatasi. Mchezo wa vijana si upatu wa namna ile. Lakini mama mwenye kuuza maandazi hataulizwa tofauti. Yeye ataona tu kwamba fedha yake ilitoka baada ya sala, na mwenye kusema alikuwa fulani wa msikitini. Fedha ikipotea Dodoma au Marekani, humlaumu mtu usiyemjua. Ikipotea Makambako, hutomwamkia jirani yako kwa miaka.

Mwisho wake tulipatana hivi. Vijana wasitaje bei wala zawadi, na neno "utapata" lisiwemo katika maombi yao. Waseme: hii ni hiba ya kununulia kompyuta moja iliyo bora na kulipia umeme na intaneti ya miezi sita, jumla shilingi 1,400,000, na mchezo huenda ukaisha au usiishe. Atakaye mchezo kwa biashara angoje uishe, aununue siku hiyo. Na kabla ya kuomba hata shilingi moja, waonyeshe kitu kinachochezeka.

Hilo la mwisho liliwachukua miezi minne. Bao la Kiswahili si mchezo mwepesi wa kuufundisha mashine: kete 64, mashimo 32, kunamua kwanza kisha mtaji, na khabari ya nyumba, ambayo mzee mmoja wa Makambako aliwasahihisha mara tatu mpaka wakakaribia kulia. Katika muda huo waligundua pia kwamba Proton, programu ambayo Valve waliitoa mwaka 2018 ili michezo ya Windows ichezeke ndani ya Linux, yaendesha baadhi ya michezo miepesi hata kwenye kompyuta zao hizo kuukuu. Mchezo walioulipia miaka mitatu iliyopita haumo katika hiyo. Ni mzito mno kwa mashine zao.

Ijumaa iliyopita nilisema nilichoahidi kusema, huku kompyuta ikiwa imewekwa juu ya meza ukumbini, nje ya mahali pa kusalia, na yule mzee akicheza nayo na kuishinda. Zilipatikana shilingi 385,000. Mtu mmoja alitoa 50,000, akauliza atapewa nini, na mpwa wangu akamwambia hatapewa kitu. Akafikiri, akarudisha 40,000 mfukoni, akaacha 10,000. Daftari la matumizi liko kwa katibu wa msikiti wa Makambako, na kila atakaye huruhusiwa kulitazama.