Mlinzi wa Reli Iliyokufa: Hadithi za Kutisha na Swali la Dhamira

Jopo la wahadhiri lilimsikiliza mwanafunzi wa uzamili kwa upole hadi akamaliza, kisha mmoja wao akauliza swali ambalo kila asomaye fasihi ya Kiswahili hulisubiri kama mgonjwa asubirivyo sindano: "Kazi hizi zina dhamira gani?" Mwanafunzi alikuwa amependekeza kuchunguza hadithi za kutisha. Akajibu kwamba dhamira yake ni hofu. Jopo halikuridhika. Hofu, aliambiwa, ni athari inayompata msomaji, haiwezi kuwa dhamira. Basi na arudi akaitazame kazi yake upya, na ikiwezekana amchague mtunzi anayejulikana.

Swali lenyewe halikuwa la kipuuzi. Tangu miaka ya 1970, sehemu kubwa ya uhakiki wa Kiswahili imejengwa juu ya imani kwamba fasihi ni zao la jamii, na kwamba mhakiki ana wajibu wa kuonyesha jinsi kazi inavyoisawiri jamii hiyo na migogoro yake ya kitabaka. Imani hiyo imeufaa uhakiki sana. Hata hivyo, imezaa pia uvivu wa aina yake. Kazi yenye mzimu hupewa hukumu moja kati ya mbili: ama mzimu ni jazanda ya ukoloni mamboleo, na kwa hivyo kazi ni nzito; ama mzimu ni mzimu tu, na kwa hivyo kazi ni ya kupitishia wakati, haistahili tasnifu. E. Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, ilikuwa rahisi zaidi kuzungumzia falsafa iliyomo kuliko kukiri kwamba pana kurasa humo ambazo msomaji hapendi kuzisoma peke yake usiku.

Mtunzi aliyemfikisha mwanafunzi yule mbele ya jopo hakuwa Kezilahabi. Alikuwa ni mtu ambaye hakuna hata mmoja pale mezani aliyewahi kulisikia jina lake. Mwanafunzi alikuwa amenunua kitabu kikuukuu cha uhandisi kutoka kwa wauza vitabu wa kando ya barabara jijini Nairobi, kwa ajili ya nduguye, na ndani yake akakuta kurasa kadhaa za fotokopi, hazina jalada wala jina la mchapishaji. Zilikuwa tafsiri ya Kiingereza ya hadithi fupi kuhusu reli. Yamkini mwenye kitabu wa kwanza alizihifadhi humo akidhani ni mambo ya uhandisi. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na jina: Stefan Grabiński.

Grabiński alizaliwa mwaka 1887 katika mji mdogo wa Kamionka Strumiłowa, eneo la Galicia, wakati huo likiwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Leo mji huo umo Ukraine. Alisoma fasihi ya Kipolandi katika Chuo Kikuu cha Lwów, kisha akawa mwalimu wa shule ya sekondari, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi huku kifua kikuu kikimla polepole. Kitabu chake cha kwanza alikitoa mwaka 1909 kwa fedha zake mwenyewe na kwa jina la kubuni, Stefan Żalny. Hakikuvuma. Iliwachukua wasomaji takriban miaka kumi kumtambua, pale alipochapisha Na wzgórzu róż mwaka 1918 na, mwaka uliofuata, Demon ruchu, yaani pepo wa mwendo, mkusanyiko wa hadithi za reli. Umaarufu huo haukudumu. Alifariki Lwów mwaka 1936, akiwa maskini na mgonjwa, nusu amesahauliwa.

Inafaa kukumbuka kwamba fasihi ya Poland ya enzi hizo ilikuwa na wahakiki wake waliouliza swali lile lile la jopo. Taifa lililogawanywa na himaya tatu tangu karne ya 18, likarudi kuwa dola mwaka 1918, lilitarajia waandishi wake wabebe mzigo wa taifa. Mwalimu anayeandika juu ya mapepo yanayopanda garimoshi alikuwa kama mtu aliyekuja kwenye mkutano wa kijiji na ngoma ya arusi. Karol Irzykowski, mhakiki mwenye heshima, alimtetea. Miongo mingi baadaye Stanisław Lem, mwandishi wa riwaya za kisayansi, alizichagua baadhi ya hadithi zake na kuzitoa upya mwaka 1975. Kati ya watetezi hao wawili panapita kimya kirefu, ingawa Artur Hutnikiewicz alikivunja kidogo mwaka 1959 kwa kuandika kitabu kizima juu ya kazi za Grabiński.

Kinachomtenga Grabiński na watunzi wengi wa kutisha waliomtangulia ni mahali anapoiweka hofu. Haiweki katika ngome kongwe wala makaburini. Anaiweka katika mashine mpya kabisa, katika ratiba, katika taa za ishara, katika behewa la daraja la pili lenye abiria wanaokula mayai ya kuchemsha. Katika "Smoluch" yupo kondakta anayewadharau abiria wasafirio kwa shughuli zao tu, wasioupenda mwendo kwa ajili ya mwendo wenyewe. Huyo ndiye anayetokewa na kiumbe mweusi wa masizi kila ajali inapokaribia. Katika "Dziedzina" yupo mwandishi aliyeacha kuchapisha kwa kuwa hakueleweka. Huketi dirishani akiitazama nyumba tupu ya ng'ambo, na taratibu nyumba hiyo inajaa viumbe wa fikra zake mwenyewe, ambao hawatakuwa hai kamili mpaka wachukue uhai wake. Mtu aliyewahi kujilipia gharama za kitabu chake hakuhitaji kwenda mbali kuitafuta hadithi hiyo.

Lakini kurasa zilizookotwa Nairobi zilikuwa za hadithi nyingine, "Głucha przestrzeń". Kampuni ya reli imejenga njia mpya, fupi zaidi, na kipande cha njia ya zamani kimeachwa. Wawera, kondakta mstaafu mwenye ulemavu, anaomba akilinde. (Mwanafunzi alipolisoma jina hilo mara ya kwanza alidhani amekosea, na kwamba ni Mkikuyu fulani aitwaye Waweru.) Anahamia kwenye stesheni iliyokufa. Anang'oa magugu kati ya mataruma, anarekebisha reli, anasafisha taa, anaiweka saa sawa. Wenzake wa zamani wanamwona amepungukiwa na akili. Naye anashikilia kwamba mwendo uliopita mahali haupotei. Umebaki katika ardhi na chuma, unasubiri kuitwa. Usiku mmoja garimoshi linakuja. Ndani yake wamo wafanyakazi wenzake waliokwisha kufa, nao wanamkaribisha apande.

Msomaji wa Kenya hawezi kuisoma hadithi hii kama habari za Poland pekee. Reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kulifikia Ziwa Victoria mwaka 1901 iliingia katika masimulizi ya watu ikiwa tayari ni kitisho. Wanandi na Wakikuyu wanao utabiri wa nyoka wa chuma aliyetabiriwa kabla hajaonekana. Simba wa Tsavo walipowaua wafanyakazi mwaka 1898, kisa chao kilipata umaarufu wa dunia kupitia kalamu ya mhandisi mzaliwa wa Ireland, J. H. Patterson, katika kitabu cha mwaka 1907. Hofu ya waliolala kwenye mahema haikuwa na kalamu. Baadaye zilizuka habari za mumiani, wanyonya damu wanaovaa sare na kutumia magari ya serikali. Habari hizo zilienea Afrika ya Mashariki nzima na zimechunguzwa kwa makini na mwanahistoria Luise White katika kitabu chake cha mwaka 2000. Ni wanahistoria waliozichukua hadithi hizo kwa uzito wake. Idara za fasihi zilikuwa zikiuliza dhamira.

Kisha ikaja njia mpya. Mwaka 2017 garimoshi la reli pana lilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi, na lile la usiku la njia ya zamani likakoma. Vituo vidogo vidogo vilivyokuwa vikiamka kwa mluzi vikabaki na mabao ya majina yake. "Głucha przestrzeń" ilikuwa imeandikwa karibu miaka mia moja kabla.

Katika kitabu chake cha mwisho, Wyspa Itongo cha mwaka 1936, Grabiński alitumia neno ambalo ni la Kizulu: itongo, mzimu wa mhenga. Kwa msemaji wa Kiswahili neno hilo halipiti bila kumgusa bega, maana matongo ni mahame, mahali palipokaliwa na watu wakaondoka. Wanaisimu ndio wa kuamua uhusiano wa maneno hayo mawili. Mhakiki anaweza angalau kuona kwamba Wawera anaishi katika maana zote mbili kwa wakati mmoja.

Mwanafunzi alirudi kwao, karibu na Mazeras, akiwa na fotokopi zake na uamuzi wa kumtafuta mtunzi anayejulikana. Babu yake alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, naye aliulizia hizo karatasi ni za nini. Mjukuu akamsimulia hadithi kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi garimoshi la wafu. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Hakuonyesha kushangazwa na garimoshi. Aliuliza:

"Mjukuu wangu, huyo bwana, mshahara alilipwa na nani?"

Mwanafunzi akasema hakulipwa, alijitolea.

"Hata posho?"

"Hata posho, babu."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi hiyo hadithi inatisha kweli.

Kauli hiyo ilifanya kazi ambayo jopo zima halikuifanya. Haikumtaka mwanafunzi aigeuze hofu kuwa jazanda ya kitu kingine, wala haikuipuuza. Iliionyesha hofu ilipo: mtu aliyetumiwa na kampuni mpaka akalemaa, akaachwa pamoja na reli yenyewe, na mapenzi yake kwa kazi yakawa makubwa kiasi kwamba bado anawafanyia bure, na wanaokuja hatimaye kumlipa ni wafu. Hapo dhamira na hofu hazitengani, na mhakiki anayetaka moja bila ya nyingine atatoka mikono mitupu. Sura ya pili ya pendekezo iliandikwa upya kwa msingi huo. Jopo liliipitisha, ingawa mwenyekiti alisisitiza lipatikane jina la mfasiri.

Kabla mjukuu hajarejea Nairobi, mzee alikuwa na swali la pili. Alitaka kujua usiku ule garimoshi lilipokuja, ishara Wawera aliiwekaje: njia wazi au njia imefungwa? Kwa sababu, alieleza, kama alikuwa amefungua, basi yeye ndiye aliyewaita. Na kama alikuwa amefunga wakapita, hapo ni jambo jingine kabisa, na mtu wa reli hawezi kulala. Mwanafunzi hakuwa ameliangalia hilo. Akazitoa tena zile karatasi mkobani na kuanza kutafuta.